Simboli ya Direkta Norbert

Pale Baraka, mji wetu kando ya ziwa, hata mbuzi walikuwa na Kifaransa kidogo. Walikipata kwa Direkta Norbert, aliyewafukuza kila asubuhi kwenye ua wa shule yake kwa sentensi kamili, tena kwa heshima, kama kitabu kinavyotaka. Mbuzi walimsikiliza mpaka mwisho, kisha wakaendelea kula ukuta. Shule yenyewe ilikuwa ya matete na maturubai ya wakimbizi, kwa hiyo mtu hawezi kuwalaumu sana mbuzi.

Norbert alikuwa mtu mrefu, mkavu kama dagaa wa juzi, wale tunaowaita ndagala, na alikuwa na koti moja la kijivu. Vita ilimchomea nyumba na kumchukulia baiskeli. Koti alilificha msituni karibu na Lubondja, kijiji alikozaliwa, ndani ya mfuko wa plastiki juu ya mti, naye mwenyewe akalala chini ya mti huo akinyeshewa. Ukimuuliza kwa nini, alijibu kwamba direkta bila koti ni mkulima tu mwenye chaki.

Ulikuwa mwaka 2005. Vita ilikuwa imekwisha, kwenye redio angalau. Kwetu watu walikuwa bado wanalala na viatu karibu na mlango. Lakini meli zilikuwa zimeanza kuleta wakimbizi kutoka Tanzania, na mojawapo ilimletea Norbert mke wake Pulchérie, aliyekuwa ng'ambo tangu vita ya 1998, pamoja na mjukuu ambaye hakuwahi kumwona. Mtoto huyo ni Vanessa, wa miaka saba, aliyezaliwa kambini. Mama yake Clarisse, binti wa Norbert, alibaki huko kwanza, aone kama amani hii ni ya kweli au ni ya kuazima.

Vanessa alishuka melini akiongea. Aliongea Kibembe, lugha yetu, kile cha bibi yake, maneno ya zamani kabisa, mpaka wazee wa bandarini wakacheka kwa furaha. Aliongea na mabegi, na kuku, na mawimbi. Pulchérie alisema mtoto huyu hata usingizini mdomo haukai. Norbert alimbeba mabegani mpaka nyumbani, na njiani, msimcheke, akafuta machozi kwa mkono wa lile koti.

Basi ilimpasa kumshukuru Mungu na kumwacha mtoto aongee. Badala yake alimpeleka shule, na shuleni kulikuwa na simboli.

Simboli ilikuwa kipande cha ubao chenye tundu, na kamba ya kuning'iniza shingoni. Mtoto aliyesikika akisema Kibembe alivalishwa. Angeivua kwa njia moja tu: kumkamata mwenzake akisema Kibembe na kumvalisha yeye. Aliyekutwa nayo saa ya kufunga shule alisafisha choo, na choo cha shule ile hakikuwa mahali pa mzaha. Kwa hiyo watoto waliwindana mchana kutwa, kila mmoja akimtegea rafiki yake sikio.

Ninyi watoto mnaosoma haya mtauliza: mtu mzima hupata wapi wazo la namna hii? Hulipata kwa watu wazima wengine. Norbert alipokuwa na umri kama wa Vanessa hakuitwa Norbert, aliitwa Wilondja. Lori la misheni lilikuja Lubondja, likamchukua pamoja na wengine, likawapeleka shule ya bweni mbali milimani. Huko walinyolewa vichwa. Bangili ya nyuzi aliyofungwa na mama yake ilikatwa na kutupwa motoni. Wilondja akaachwa getini, akaingia Norbert. Mafrera, wale watawa wa Kizungu walioendesha shule, walisema lugha ya nyumbani ni uchafu wa ulimi, na dawa yake ni simboli. Kwao aliyebaki nayo jioni hakupewa chakula.

Mambo hayo hayakuwa ya huku tu. Katika nchi ya mbali iitwayo Kanada, yenye barafu, watoto wa wenyeji walipitishwa mlemle: bweni, wembe, jina jipya, ulimi kufungwa, na wengine hawakurudi kwao kamwe. Miaka mingi baadaye watu wa nchi hiyo walianza kukaa chini na kuwasikiliza wale watoto, ambao sasa walikuwa wazee. Kwetu hakuna aliyekaa chini kumsikiliza Norbert. Tena hata angeulizwa angesema bweni lilimfanya mtu. Mafrera walimpa kusoma, hilo ni kweli. Na likizo ya kwanza mama yake alimkimbilia kwa mikono miwili, yeye akamjibu kwa Kifaransa kwa woga. Mama alicheka kwanza, halafu akaenda kukaa jikoni peke yake. Hilo pia ni kweli, lakini hilo Norbert hakulisema.

Basi Vanessa alivalishwa simboli siku ya kwanza, kabla hata hajakaa. Wenzake wakagundua jambo zuri sana kwao: huyu mtoto hakamati mtu. Wote wanapayuka Kibembe mbele yake, naye anatazama pembeni. Hakuwa na moyo wa kumfanyia mwenzake alichofanyiwa. Simboli ikamkalia shingoni moja kwa moja, wengine wakawa huru, naye akasafisha choo. Baada ya majuma machache aliacha kuongea shuleni. Baadaye akaacha na nyumbani. Aliitika kwa kichwa na kuomba kwa kidole.

“Weye baba,” Pulchérie akamwambia mumewe, “mi nilivuka na huyu mutoto ziwa muzima, iko anaimba. Umemufanya nini?”

Norbert akajibu kwa Kifaransa kwamba ukimya ni mwanzo wa hekima.

“Hekima gani? Muntu akinyamaza hivi siye tunamupeleka hospitali!”

Norbert akavaa koti, akatoka. Lakini alianza kurudi nyumbani na mikate ya mafuta iliyofungwa kwenye karatasi, akiiweka mbele ya mtoto na kusubiri neno. Mtoto alikula, akainamisha kichwa kushukuru. Moyo wa babu ulimuuma, ila simboli hakuivua. Sheria ni sheria, na mjukuu wa direkta ndiye wa kwanza kuifuata.

Siku moja ya soko akatokea mzee mwenye kofia pana na fimbo ndefu, akivuta ng'ombe wa rangi ya kahawia. Soko likapunguza sauti. Alikuwa Munyamulenge, mtu wa ng'ombe kutoka juu milimani, na katika mwaka ule Munyamulenge kushuka Baraka peke yake halikuwa jambo la kila siku. Kwetu kulikuwa na makaburi mengi, na kwao pia, na kila upande ulikuwa ukihesabu ya kwake. Mzee hakuuliza bei ya kitu chochote. Aliuliza shule iko wapi.

Norbert alimtambua kwa umbo la masikio yake, maana masikio hayazeeki. “Alphonse!” akasema.

“Manassé,” mgeni akamrekebisha. “Alphonse njo ile jina Mafrera balinipa, ju Manassé ilikuwa inanukia Kiprotestanti. Habari yako, Norbert? Ao niseme Wilondja?”

Kule bwenini vitanda vyao vilikuwa vimepakana. Mmoja wa ziwani, mmoja wa milimani, walikula sahani moja na kuogopa viboko vilevile. Norbert akafungua mikono kumkumbatia. Manassé akanyoosha kiganja kumzuia, akaingiza mkono kifuani, akatoa kipande cha ubao, cheusi kwa uzee, chenye kamba mpya.

“Hii ni yako,” akasema. “Nimekuya kukurudishia.”

Norbert aliutambua ubao ule mara moja. Mwezi wa sita wa 1960 Manassé alikuwa na homa kali, analala bwenini mchana, anatetemeka. Norbert ndiye aliyekuwa na simboli siku hiyo, na njaa ilimtafuna tangu jana yake. Alipita karibu na kitanda, akamsikia mgonjwa akimwita mama yake, kwa lugha ya mama yake. Akamvalisha simboli palepale kwenye mto, akaenda kula. Siku chache baadaye uhuru ukafika, Mafrera wakapakia masanduku, bweni likafungwa, na kila mtoto akarudishwa kwao. Manassé alirudi na ubao shingoni.

“Mama yangu akafikiri ni medali,” Manassé akaeleza. “Akafurahi! Akaita bamama yote baione. Kila siku ya Mungu lazima niivae kwa kanisa, na pasta ananiombea ju ya heshima nilipata. Naye nitamuambia nini? Na ju niko na simboli, naogopa kusema lugha yetu. Mwezi muzima ninamujibu mama Kifaransa. Akachinja kondoo, akiona nimerogwa.”

Norbert alitaka kucheka, akaona macho ya mwenzake, akaacha.

“Unikubalie tu niichukue,” akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini.

“Apana. Sheria ni nini? Nikukamate unasema Kibembe. Mi ni muntu wa sheria.”

Hapo vita vya wazee wawili vikaanza. Manassé alimfunga ng'ombe wake, Bihogo, nyuma ya shule, akakaa kwa Norbert kama mgeni. Pulchérie alikuwa na mdogo wake aliyeuawa vitani na kuzikwa Makobola mwaka 1998. Alimtazama mgeni huyo toka kofia mpaka viatu. Manassé naye alikuwa na mtoto wa kiume ambaye hakujua amezikwa wapi. Hakuna aliyemtajia mwenzake. Pulchérie akaleta ugali na sahani ya ndagala, na alijua vizuri kabisa kwamba wazee wa milimani samaki hawamli.

“Mama,” Manassé akasema kwa adabu, “hawa samaki banakuwa wengi, na bote baniangalia.” Akala ugali mtupu.

Kisha akaanza mitego. Alimkanyaga Norbert kidole kwa kisigino. Norbert akalia kwa Kifaransa safi. Manassé akatangaza mbele ya watu kwamba ndagala za Uvira, mji jirani, ni tamu kupita za Baraka, maneno ambayo kwetu yanaweza kuvunja ndoa. Norbert akauma mdomo, akajibu kwa msemo wa Kifaransa, na jasho likamtoka. Naye akalipiza, ili mgeni aropoke lugha ya kwao: alimzunguka Bihogo polepole, akatikisa kichwa, akasema ng'ombe huyu ni mbuzi aliyekosa malezi. Manassé akachomeka fimbo ardhini. Alitafuta Kifaransa chote alichobakiwa nacho tangu 1960, akapata “asante, bwana”, akalisema.

Pulchérie alisema ana watoto watatu nyumbani, na anayemsumbua kidogo kuliko wote ni yule asiyeongea.

Mchana wa siku iliyofuata Norbert alikuwa darasani akiandika vitenzi ubaoni. Kulikuwa na joto, akavua koti na kulitundika kwenye ukuta wa matete. Manassé alikaa mlangoni, kofia magotini, akisikiliza kila sauti. Wakati huo Bihogo, aliyefungwa upande wa pili, aligundua kile ambacho mbuzi wa Baraka walikijua siku nyingi: ukuta wa shule unalika. Akala matete, akapata tundu, akapenyeza kichwa, akakutana na koti. Alilinusa kwanza, kama mama anayekagua nguo ya mtumba, halafu akaanza na mkono wa kushoto.

Watoto waliona, lakini hakuna aliyejua “ng'ombe anakula koti lako” kwa Kifaransa. Wakanyoosha vidole tu. Norbert alifikiri wanataka kujibu swali, akafurahi sana.

Alipogeuka, mkono wa koti ulikuwa umeingia mpaka kwenye kiwiko. Akaruka, akashika kola. Bihogo akavuta. Norbert akavuta. Ukuta ukapiga kelele, ukalala chini taratibu pamoja na turubai, direkta akaanguka chali juu yake, na ng'ombe akamsimamia kichwani akitafuna. Ndipo ukatoka Kibembe. Kilitoka chote, cha zaidi ya miaka arobaini, Kibembe cha Lubondja chenye moshi wa jikoni. Alimtukana ng'ombe, na mama wa ng'ombe, na milima iliyomlisha. Mwishoni, pumzi zilipokwisha na Bihogo alipomlamba uso, direkta wa shule akafumba macho na kumwita mama yake.

Manassé aliinuka, akasogea, akainama, akamvalisha simboli. Hakucheka.

“Mi pia nilikuwa namuita mama tu,” akasema.

Norbert akaketi pale chini, ubao kifuani, mbele ya darasa lake zima. Waswahili husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu, na sasa mkuki ulikuwa umemgeukia yeye. Alitazama watoto. Alitaka mmoja acheke, ingekuwa afadhali. Hawakucheka, kwa sababu wote walijua ubao ule una uzito gani.

Kisha Vanessa akatoka kwenye benchi. Simboli yake mwenyewe ilikuwa shingoni kama kawaida. Akamkaribia babu yake, akampangusa mate ya ng'ombe shavuni kwa kiganja, akanyoosha mkono. Akasema, kwa Kibembe, sauti imekwaruza kwa kukaa bila kazi:

“Nipe na hiyo, babu. Mimi nimezoea.”

Hayo ndiyo maneno aliyoyasubiri babu kwa mikate yote ile. Norbert alilia. Alilia kwa sauti, mbele ya wanafunzi, bila koti. Akamvua mtoto simboli yake, akaivaa yeye juu ya ile nyingine, akamkumbatia na kumwambia kwa Kibembe kwamba hapana, hatabeba tena, wala yeye wala mtoto yeyote. Kibembe chake kilikuwa na kutu, watoto wakamsaidia palipokwama, na hapo ndipo darasa lilipoanza kucheka.

Alipopata nguvu ya kusimama alimgeukia rafiki yake. “Manassé. Ulikuwa mugonjwa, na mi nilikufanyia ile. Nilikuwa na njaa, lakini ile njaa ilishaisha na mi sikukutafutaka. Nisamehe.”

Manassé alikuna kidevu. “Mi sikukuya kusamehe, nilikuya kurudisha muzigo. Kusamehe, naona, itabaki nirudi nyumbani kwanza niifikirie, ju ile njia ni murefu.” Akamtazama Bihogo, aliyekuwa anamalizia kola. “Lakini huyu ng'ombe iko na mimba. Akizaa, mutoto wake ni wako. Koti yako nayo iko ndani yake, siwezi kukuambia kitu ingine.”

Kwao milimani, anayekupa ng'ombe amekufunga kwake. Nyumba zenu zinakuwa na njia kati yao hata vizazi vikipita. Norbert alijua hilo tangu bwenini. Akamkuna Bihogo shingoni kwa mikono miwili.

Jua lilipoanza kupungua Manassé alitaka kuondoka, na pale sokoni vijana walikuwa wamekusanyika wakiulizana mtu huyu wa milimani anatafuta nini. Norbert hakupenda sura zao. Akatangulia yeye mbele ya ng'ombe, simboli mbili shingoni, shati limechanika mgongoni, matete kichwani, akiwasalimu watu wote kwa Kibembe kwa sauti kubwa. Baraka haikuwahi kuona kitu kama hicho. Bamama waliacha samaki zao. Vijana walishika mbavu. Watoto wa shule walifuata nyuma wakiimba, na mtu anayecheka hawezi kurusha jiwe vizuri. Wakafika mwisho wa mji bila hata neno baya, isipokuwa yale ya Norbert mwenyewe kwa ng'ombe.

Pulchérie alikuwa amefika kabla yao, na kifurushi cha jani. Akamfungulia Manassé: ndagala. Manassé akazitazama, akamtazama Pulchérie, akaelewa kwamba amani ya mama huyu inapitia humo. Akafumba macho, akameza moja nzima na kichwa chake.

“Inaendaje?” Pulchérie akauliza.

“Inaenda polepole, mama. Iko inapanda tena.”

Kwa mara ya kwanza Pulchérie alicheka mbele ya mtu huyo. “Ukirudi na ile ndama,” akasema, “mi nitakupikia sombe ya majani ya muhogo. Isiyo na samaki.”

Jioni Norbert alikataa chakula. Alisema sheria ya bweni bado inamdai usiku mmoja wa njaa, wa Manassé, na anataka kuulipa. Akakaa nje kwenye kigoda peke yake. Pulchérie hakubishana. Alimvua simboli zote mbili, akaingia nazo jikoni, na moto ulikuwa unahitaji kuni.

Ndani sauti ya Vanessa ilikuwa haikatiki. Alimsimulia bibi yake habari za ng'ombe tangu mwanzo, halafu tena tangu mwanzo, na kila mara koti lilikuwa refu zaidi. Halafu akauliza lile jina mgeni alilomwita babu ni la nani. Pulchérie akamweleza. Mtoto akanyamaza kidogo, na Norbert kule nje akashika magoti kwa hofu, akisikiliza.

Kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu yake, hata kumwita kwa jina tupu. Vanessa akatoa kichwa mlangoni na kuita, kwa Kibembe, vilevile kama mwanamke mmoja wa Lubondja alivyokuwa akiita zamani jioni:

“Wilondja! Njoo ule, ugali unapoa.”

Norbert akainuka, akaenda kula.